Gauni la Njano Laingia Mkasini

Kwa miaka kumi na saba Mama Pindo aliwashonea wenzake nguo za kwendea ufukweni, yeye akibaki kwenye cherehani na nyuzi kichwani. Mteja wa likizo alimjua tangu mlangoni: huyo anayetabasamu bila sababu, anayetaka kitu chepesi, chenye kupepea, "lakini kinifiche hapa, fundi." Na kila mmoja alikuwa na hapa yake.

Mwaka huu zamu ilikuwa yake. Wiki nzima kwenye joto la pwani, yeye na wifi yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Basi lilikuwa la saa nane mchana. Saa nne asubuhi wifi alifika, akamkuta kasimama katikati ya chumba, gauni limemkwama mabegani, mikono juu.

"Wifi, polisi wamekukamata?"

"Nivue kwanza, utacheka baadaye."

"Naweza yote mawili."

Alimvua. Lilikuwa gauni la bluu, mojawapo ya matatu aliyojishonea kwa safari. Jeupe lilikwisha kugoma, na la njano, la kitani laini, lilikuwa limefika kiunoni likakataa katakata.

"Ulijipima lini?"

Mama Pindo aliangalia dirishani. Hakuwa amejipima. Alikata vitambaa kwa vipimo vya gauni lake la harusi, alivyovijua kwa kichwa kama namba ya simu. Mteja akimletea vipimo kwenye karatasi, humrudisha nyumbani aulete mwili wenyewe. Tena nguo ya mteja huiachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, maana binadamu anawajua. Zake hakuziachia hata uzi. Alijiamini mno.

"Basi siendi," alisema, akaketi kitandani. "Nimewavalisha watu mtaa mzima, halafu mimi nikatembee ufukweni na magauni haya ya kazini, yenye chaki za kukatia? Nenda peke yako."

Wifi alifungua mdomo atanie, akamwona macho, akaufunga. Alichukua futi ya kupimia mezani.

"Simama. Mikono juu, hilo tayari unaliweza."

"Usitaje namba kwa sauti."

"Mimi nashinda napima matumbo yenye mapacha, mama. Lako ni la kawaida sana." Akazungusha futi, akasoma, akanyamaza.

"Sema basi."

"Si umesema nisitaje?"

"Sema!"

Akataja. Fundi ndani ya Mama Pindo akaamka, akaanza kuhesabu. Kila gauni lilipungukiwa kiganja kizima. Kuongeza pembeni kulihitaji kitambaa, chepesi, cha kutosha magauni mawili. Chumba kizima kilikuwa nacho kimoja tu.

Alilitandaza gauni la njano, akashika mkasi.

"Hilo?" wifi aliruka. "Si ndilo ulilonitumia picha mara nne?"

"Tano."

Alifumba jicho moja na kukata. Ulipopita ule mkato wa kwanza, yaliyobaki yalikuwa kazi tu. Alitoa vipande virefu vya njano, kutoka kwapani hadi pindo, akafumua mbavu za lile la bluu na lile jeupe, akavipachika. Cherehani ilinguruma. Wifi naye alilivamia sanduku, akizikunja nguo ndogondogo kama bendeji na kuvitupa nje viatu.

"Visigino hivi mchangani? Unakwenda kuchimba kisima?"

"Acha jozi moja!"

"Naacha ndala. Kisima kitangoja."

Saa saba na robo Mama Pindo alivaa la bluu. Zipu ilipanda bila kuombwa. Akipiga hatua, njano ilifunguka ubavuni, akisimama, ilijificha. Wifi alimzunguka mara mbili bila neno, jambo ambalo hata wagonjwa wake hawajawahi kuliona.

"Ulikusudia liwe hivi tangu mwanzo," alisema hatimaye. "Wakikuuliza, useme hivyo."

"Nitasema nilinenepa," akajibu Mama Pindo, akifunga sanduku.

Kwenye basi alikaa dirishani, akavuta pumzi hadi mwisho wake. Hakuna kilichobana. Hakuna kilicholalamika.

"Wifi, toa hizo karanga," alisema. "Nafasi ipo."