Ukuta wa Korongoni

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na asubuhi hiyo ya Aprili maji yaliingia kwenye zizi la mbuzi la Tabitha. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole kutoka korongoni, rangi yake kama chai ya maziwa, yakibeba samadi, ndara moja na mtungi wa plastiki.

Tabitha aliyajua maji ya korongo hilo. Aliolewa hapo, nje kidogo ya Kitengela upande wa machimbo ya mawe, na kila masika maji yalipita kwa kasi, yakinguruma mchana kutwa, yakaenda zake mtoni. Hayakuwahi kusimama. Mwaka huu yalisimama kwa sababu ya ukuta. Mwanamume mmoja wa mjini, Kiragu, alinunua shamba la chini, akalikata ploti, akalizungushia ukuta wa mawe. Ukuta ulipofika korongoni haukukwepa, ulilivuka. Chini waliacha bomba moja la kupitisha maji, na sasa lilikuwa limezibwa na matawi na takataka.

"Yeyo, tutoke," Tabitha alimwambia mama mkwe wake.

Yeyo hakuweza kutembea tangu aanguke mwaka uliopita. Alikuwa ameketi kitandani, shuka nyekundu mabegani, akiyatazama maji yakizunguka miguu ya kitanda.

"Na mbuzi?"

"Nimewafungulia. Wamepanda juu."

"Wale wadogo?"

Wale wadogo walikuwa kwenye kibanda cha chini, na kibanda kilikuwa kimekwisha kuanguka. Tabitha alimpa mgongo, akainama, na Yeyo akamshika shingo. Wakatoka hivyo, maji yakimfika Tabitha magotini, kisha mapajani, hadi wakaifikia njia inayopanda kwenye kanisa la mabati.

Watu walikuwa wamejaa humo, wengi wao wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume walikuwa wametangulia kupeleka ng'ombe mahali pa juu. Nurto, Msomali mwenye duka kando ya njia, ndiye aliyevunja kufuli la mlango. Alikuwa amebeba mikate yote ya dukani na sasa aliwagawia watoto.

"Mama Saruni, lete mama hapa kwa benchi," alimwambia Tabitha, akatandika mtandio wake.

Tabitha alimlaza Yeyo, kisha akasimama mlangoni. Maji yalikuwa yamefunika njia waliyopitia. Upande wa barabara nako kulikuwa ziwa. Ngazi ya kwanza ya kanisa ilikuwa imelowa. Ndipo alipotazama bondeni, ng'ambo ya ukuta, akaona kitu kilichomchemsha damu. Upande wa Kiragu korongo lilikuwa na kijito chembamba tu. Mahindi yake yalisimama wima.

Alimpigia simu.

"Bwana Kiragu, maji imejaa mpaka kanisani. Tuma watu wafungue ukuta."

"Pole sana, mama. Ngojeni mvua ipungue, kesho nitaleta injinia."

"Kesho hatutakuwa hapa."

"Huo ukuta ni mali yangu. Mtu asiuguse."

Tabitha aliirudisha simu kifuani. Nurto alikuwa nyuma yake.

"Anasemaje?"

"Anasema tungoje."

"Tungoje nini?"

"Sijui. Mimi naenda kuvunja."

Nurto alimwangalia kidogo, akavua viatu, akafunga buibui yake kiunoni. Wanawake wengine wanne wakawafuata. Walipita ukingoni, wakishikana mikono, hadi mahali ukuta ulipokutana na ardhi ya juu. Upande wa pili, karibu kabisa na korongo, kulikuwa na kibanda cha Munguti, mlinzi wa Kiragu.

"Munguti!" Tabitha aliita. "Toa vitu zako kwa nyumba. Tunavunja hii ukuta."

Kichwa cha Munguti kikatokeza juu ya ukuta. Alikuwa amepanda ngazi ya mafundi.

"Mama Saruni, mimi nimeandikwa kuichunga."

"Najua. Ndio maana nakuambia utoke kwanza."

Munguti akataka kujibu, lakini macho yake yalikuwa yameshafika nyuma yao. Aliona mapaa ya nyumba. Aliona kanisa, na watoto mlangoni. Upande wake hakuwa amejua; kwake mvua ilikuwa mvua tu. Akashuka ngazi, na Tabitha akadhani amekwenda kumpigia tajiri wake simu. Badala yake walimwona akikokota godoro, kisha jiko na sufuria, akivipandisha kilimani. Aliporudi alikuwa na mtaimbo na nyundo kubwa ya mafundi.

"Hii kona ya juu simiti haikushika vizuri," alisema, akawapitishia nyundo juu ya ukuta. "Anzieni hapa, na mtu asisimame katikati."

Walianza. Tabitha alipiga kwa nyundo mpaka viganja vikachubuka, akampa Nurto, Nurto akapiga. Munguti alichokonoa kwa mtaimbo kutoka ng'ambo. Jiwe la kwanza lilikataa sana. La pili lilitoka na wenzake, na maji yakapata mdomo. Yalichuruzika, yakaupanua, kisha ukuta ukaguna.

"Rudini!" Munguti alisema.

Sehemu yote ya korongoni iliondoka kwa pamoja. Maji yalipita na mawe, na mahindi, na kibanda cha Munguti, mabati yakipigana. Ngurumo ile Tabitha aliikumbuka vizuri. Alikaa chini kwenye matope, akalia kwa sababu ya wale mbuzi wadogo. Huko juu, ngazi ya kanisa ikaanza kuonekana.

Maji yaliposhuka, nyumba ya Yeyo ilikuwa imebaki nguzo tu. Kiragu alifika na polisi, akauliza nani alivunja. Tabitha alisema ni yeye, akaenda kituoni kuandika taarifa akiwa amevaa gambuti zake zenye matope. Akashtakiwa kuharibu mali. Siku ya kesi walikwenda Kajiado kwa lori la mume wa Nurto, lile la kubebea mbuzi, Yeyo akiwa mbele na dereva. Munguti, aliyekuwa ameshafutwa kazi na kupata kibarua machimboni, aliomba ruhusa akaja pia.

"Ukuta nilivunja," Tabitha alimwambia hakimu. "Makosa sijafanya."

Kiragu alitakiwa kuleta kibali cha kuziba njia ya maji. Kesi ilipotajwa tena hakuwa nacho, akaomba kuiondoa. Nje, karibu na lango, alimsimamisha Tabitha.

"Mmenitia hasara kubwa, mama."

"Na mimi nimepoteza mbuzi, na nyumba ya mama yangu. Jenga tena ukitaka, shamba ni yako. Lakini korongo uiache. Ukiifunga tutavunja, na hiyo siku sitakupigia simu kwanza."

Kiragu akaenda kwenye gari lake.

Shemeji zake Tabitha walitaka kumchukua Yeyo akaishi nao mjini Kajiado, mbali na maji. Walikuja na gari, wakazungumza naye muda mrefu. Yeyo aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba chai.

"Mimi nilizaa hapa," alisema. "Kama kuna mtu wa kuhama, si mimi."

Basi wakamjengea nyumba nyingine, juu kidogo ya ile ya kwanza. Mvua za Novemba ziliwakuta bado hawajamaliza paa. Kiragu alikuwa ameweka ua wa nyaya, ukakomea kwenye kingo za korongo. Tabitha alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni, maji yalipoanza kuteremka korongoni yakinguruma. Yeyo, chini ya mwavuli, alimwambia ashuke, atalowa.

"Nimebakisha bati moja," Tabitha alisema, akaendelea kupigilia.