Mpiga Kura wa 213

Saa nne asubuhi mtafiti aliwasha kompyuta ofisini, akamimina chai, akawaachia wapiga kura wake elfu mbili watembee. Kwenye skrini walikuwa vidoti tu. Kila kidoti kilijengwa kwa dodoso la mkazi mmoja wa mji, kikawatembelea wenzake, kikawasikiliza, kisha kikapiga kura. Hivyo ndivyo alivyochunguza watu hubadilishwa mawazo na nani.

Wa 213 alikuwa mkewe. Dodoso lake mtafiti alilijaza mwenyewe, mezani, mkewe akiwa jikoni, na kila jibu lilifanana na la kwake. Baada ya miaka kumi na minane ya ndoa, angemuuliza nini tena?

Lakini kila jioni ya kwenye skrini 213 alimpita mumewe, 212, kama hamjui, akaenda moja kwa moja kwa 880, fundi saa wa mtaa wa pili. Kura yake akampa mgombea ambaye mumewe hataki hata kumsikia. Mtafiti alikagua hesabu, hazikuwa na kosa. Alirudia mara arobaini. Wivu ukamwingia.

Mara ya arobaini na moja, 213 alitoka kwenye skrini, kimo chake kidole gumba, akaketi kwenye ukingo wa kikombe. Katibu wa idara, aliyekuwa ameleta barua, alimsogezea kisahani asije akaungua, akaenda zake.

"Unafuata nini kule?" mtafiti aliuliza.

"Ananiuliza naonaje mambo. Halafu ananyamaza, anasubiri nijibu."

"Na mimi je?"

"Wewe si unajua tayari?"

Alimrudisha ndani kwa ncha ya kalamu, kisha akamfuta 880.

Jioni, mtafiti alipopita mtaa wa pili, palipokuwa na duka la fundi saa palikuwa na ukuta mtupu. Muuza magazeti wa jirani alisema hapo hapajawahi kuwa na duka. Mke wa mtafiti alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kikapu mkononi, anaongea nao, ananyamaza, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Mtafiti aliuonea wivu hata ukuta.

"Unaongea na nani, mama watoto?"

"Tangulia tu, baba. Nakuja."

Alitangulia. Nyumbani alivuta kiti, akatoa dodoso jipya, akaandika jina la mkewe juu. Swali la kwanza: Unamsikiliza nani zaidi?

Akajaza, kwa mwandiko wake mzuri: Mume wangu.