Macho ya Lucy

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Magdalena kwa miaka kumi na miwili kiliuzwa, aliyekinunua akakifunga, na wafanyakazi wakatawanyika kila mtu na lake. Magdalena alichukua kiinua mgongo chake akanunua kamera ya dijitali na kompyuta iliyokwisha kutumika, akapanga chumba karibu na soko la Morogoro, akaandika mlangoni: PICHA. Wapiga picha wa zamani walikuwa bado wanapeleka filamu Dar es Salaam. Yeye alitoa picha siku hiyohiyo, na parokia za milimani zikaanza kumwita kwenye harusi na komunyo.

Tatizo likawa wingi wa picha. Kila alipochomeka kadi ya kamera, picha ziliingia ovyo, na kumtafuta mtu mmoja kulimla nusu siku. Akamwendea Altaf, mwenye duka la kompyuta mtaa wa pili.

Altaf alimwekea programu mbili azijaribu. "Hii ya kwanza nzito kidogo, dada Magdalena. Inahamisha picha zote na kuzipanga kwa tarehe, haifuti kitu. Humohumo unaweza kukata picha, kubandika, kusafisha uso. Hii ya pili nyepesi. Ikikuta picha mbili zinazofanana inakuuliza ifute moja, upate nafasi."

"Wewe ungechukua ipi?"

"Ya kwanza, halafu ningetafuta diski kubwa. Lakini kazi ni yako."

Magdalena alichukua ya pili. Jumatatu iliyofuata alikuwa ametoka kupiga picha za komunyo ya kwanza katika kijiji kimoja juu ya Mgeta. Alichomeka kadi huku watu wanne wamesimama wakimharakisha wapigwe picha za pasipoti. Swali likatokea kwenye kioo kwa Kiingereza. Hakulisoma mpaka mwisho. Akabonyeza ndiyo, akaisafisha kadi, akaendelea na wateja.

Baada ya wiki tatu aliingia mzee mmoja, suruali imeganda matope hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Benedikto, baba yake Lucy. Ulitupiga picha kanisani."

"Nakukumbuka, baba. Lucy hajambo?"

Benedikto alitafuta kiti, akakaa. "Lucy tumemzika Alhamisi. Mvua ilikikata kilima nyuma ya jiko, udongo ukamfunika. Tulimchimbua kwa majembe, tulipomkaribia tukatumia mikono." Akapangusa matope magotini. "Nimekuja kuchukua picha yake. Hana nyingine tangu azaliwe."

Magdalena alifungua kompyuta. Lucy alikuwa amesimama na gauni jeupe, ubavuni kwake dada yake Scholastika, na Lucy alikuwa amefumba macho.

"Siyo hiyo," Benedikto alisema. "Ulisema amefumba, turudie. Ukarudia. Ukatuonyesha kwenye kamera, mwenyewe Lucy akacheka."

Magdalena alikumbuka kicheko kile. Alipekua tarehe ile mara mbili, mara tatu. Picha mbili za watoto walewale, mahali palepale. Mashine ilikuwa imebakiza moja, na yeye ndiye aliyeiruhusu.

"Ipo, baba," alisema. "Kompyuta inanisumbua tu. Njoo keshokutwa."

Mzee alipoondoka, akakimbia kwa Altaf na kadi mkononi, pamoja na nakala ya picha iliyobaki. Altaf alihangaika nayo asubuhi nzima, akatikisa kichwa. Kwenye kadi, juu ya picha za komunyo zilizofutwa, zilikuwa zimeshaingia za harusi mbili; hazirudi tena.

"Nikurudishie ile programu ya kwanza," alisema. "Kwa ile unaweza kumfumbua macho."

"Kwa macho ya nani?"

Altaf alinyoosha kidole kwa Scholastika pichani. "Ni ndugu, wanafanana. Ila mwambie baba yake, dada. Hilo usimfiche."

Siku ya pili nzima Magdalena alikata, akabandika, akapunguza mwanga, akaongeza kivuli. Alasiri mtoto alimtazama kutoka kwenye kioo, naye akajikuta ameuondoa mkono kwenye kipanya kama aliyeungua.

Benedikto alipokuja, alifuta vidole kwenye shati kabla ya kuipokea picha. "Amefumbua," alisema. Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Magdalena alitaka kumweleza ukweli, akamtafutia bahasha badala yake.

Kwa misa ya arobaini walimwalika. Alipanda na lori lililokwenda kupakia kabeji. Picha ilikuwa sebuleni ndani ya fremu, imezungushiwa rozari. Watu walipoanza kula, mke wa Benedikto, Mama Schola, alimshika mkono akampeleka nyuma, mahali kilima kilipokatika.

"Nimezaa wawili tu," alisema. "Wote nimewanyonyesha wakinitazama. Macho yale ni ya Schola."

Mama Schola alionyesha nyumba ya jirani kwa kidole.

"Schola hataki kuingia sebuleni. Analala kwa jirani. Anasema amezikwa nusu. Mimi nimwambieje mtoto?"

"Picha nzuri ilikuwapo, mama. Niliifuta mimi. Mashine iliniuliza, sikusoma."

"Mume wangu anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie leo, kabla hujaondoka. Ile ya sebuleni uichukue. Uniletee ile aliyofumba macho. Nilipomwosha alikuwa hivyo."

Benedikto alimsikiliza akiwa ameshika sahani ya wali. Magdalena alieleza yote: programu alizopewa achague, swali ambalo hakulisoma, uongo aliousema siku ile dukani, macho ya Schola aliyoyabandika. Alipomaliza, Benedikto aliiweka sahani chini taratibu, akaingia sebuleni, akaitoa picha kwenye fremu na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

"Mpe aichukue, Benedikto," mkewe alisema. "Huyo si mwanao."

"Ananitazama."

"Anayekutazama ni Schola. Yuko hai, yuko kwa jirani, na hujamwuliza hata kama amekula."

Benedikto alipita katikati ya watu, akashika njia ya shamba. Hakuna aliyemfuata.

Magdalena alituma ile ya macho yaliyofumbwa ndani ya bahasha, kwa mkono wa dereva wa lori. Baadaye dereva alimletea habari: mama ameitundika, na Schola amerudi kulala nyumbani. Mzee amejijengea kibanda juu kwenye bustani ya karoti. Anashuka kwa misa tu, hukaa benchi la nyuma, na mke wake akimgeukia kumpa mkono wa amani huupokea bila kuinua uso.

Mwaka uliofuata, kwa komunyo ya kwanza, parokia ilimwita mpiga picha mwingine.