Mama Alipokwenda Kumsalimia Mkuu wa Taaluma

"Usinifanye mimi kisingizio."

"Sikufanyi kisingizio. Nasema ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba siwezi kukaa na mama yangu mwenyewe?"

"Wewe hukai hata kwenye kiti, Romani. Uliaga unakwenda shamba la Mwimbi wiki moja, ukarudi mahindi yameshavunwa."

"Nilikuwa nalima."

"Ulikuwa unalima na simu umezima."

"Chaji ilikuwa shida, dada."

"Mwimbi kuna umeme."

Hapo nikainama kufunga kamba ya kiatu, maana umeme kweli upo.

Dada Evodia akarudi kusonga ugali. Akikasirika anausonga mpaka unakuwa jiwe, halafu tunakula wote tukiwa tumenuna. Ni mwalimu wa historia kwenye chuo kimoja kidogo nje ya mji, njia ya kwenda Matai. Chuo chenyewe hakifundishi uuguzi wala ufundi wa magari. Wanasoma historia, lugha, falsafa, na muziki kidogo. Niliwahi kumuuliza wanafunzi wanatoka pale na nini, akasema wanatoka wanajua kuuliza maswali. Nikamwambia hilo mimi nalijua toka zamani, ndilo lililonitoa shule nikiwa fomu tuu.

Sasa chuo kilikuwa kinatafuta mkuu wa taaluma, yule anayeshika masomo yote na walimu wote. Walikuja watu na suti zao kutoka Mbeya na Dodoma, wakahojiwa, wakanyweshwa chai. Mwisho bodi ikamtaka dada yangu, anayekwenda kazini kwa mguu. Kilichobaki ilikuwa jibu lake. Pale wana utaratibu wao: mtu wakimchagua, anasimama kwenye baraza mbele ya walimu, wanafunzi, mpaka wapishi, anasema mwenyewe kama anakubali. Baraza lilikuwa Ijumaa.

Na yeye alishaamua kukataa.

Sababu ni moja tu. Mkuu wa taaluma lazima alale chuoni, kuna nyumba yake. Mama hatoki hapa Izia, mtaani kwetu. Ana maharage yake nyuma ya nyumba, ana majirani zake wa kusali nao, na alishasema pale atatoka akiwa amebebwa. Magoti yake yameharibika. Asubuhi, na baridi yetu hii, mpaka umkande na maji ya moto ndiyo asimame. Kwa hiyo mmoja wetu lazima alale pale, na dada hakuniamini.

Sikumlaumu sana. Mshikaji wangu Stanley alikuwa ananisubiri Kasanga, kwenye boti za mizigo zinazokwenda Zambia. Nilishamwambia nakuja.

"Stanley nitamwambia siendi," nikasema.

"Utamwambia leo. Mwezi ujao upepo utakugeuza, utapanda gari."

"Sasa unataka niape?"

"Sitaki uape. Wewe ndivyo ulivyo, na nakupenda hivyo hivyo. Ila mama siwezi kumwacha na mtu ambaye hajui kesho atakuwa wapi. Ijumaa nasema hapana, yanaisha. Lete sahani."

Mama alikuwa chumbani. Dirisha lilikuwa wazi. Akatoka, akala ule ugali mgumu, akausifia.

Ijumaa asubuhi, dada alipoondoka tu, mama akaniita.

"Kibajaji chako kina mafuta?"

"Kinayo."

"Niletee kitenge cha kanisani. Na sweta."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Wewe unaendesha au unahoji?"

Nikaendesha.

Tulifika baraza limeshaanza. Ukumbi umejaa, wanafunzi wengine wamekaa madirishani. Mbele kulikuwa na mwenyekiti wa bodi, Profesa Polikarp, mzee mpole wa Moshi, na pembeni yake dada yangu amesimama na gauni lake la bluu. Nilimjua kwa mikono. Akitaka kusema kitu kinachomuuma anaushika mmoja kwa mwingine kama amemkamata mwizi.

"Nawashukuru kwa heshima hii," alikuwa anasema. "Nimefikiri sana. Nyumbani kwangu..."

Mama akaniachia mkono. Akapita katikati ya viti, polepole, yule bibi na sweta lake, watu wanasogeza miguu kumpisha. Dada alipomwona akakatiza maneno.

Mama akafika mbele, akashuka. Daktari alishamkataza kupiga magoti. Hata kanisani siku hizi anakaa wenzake wakipiga. Alishuka goti moja, akashika kiti cha mwalimu mmoja, akashuka la pili. Kisha akakunja viganja akaanza kupiga makofi, taratibu, ameinamisha kichwa.

Kwetu Ufipa mwanamke anamsalimia mkubwa hivyo. Mkubwa naye anapiga makofi yake kukujibu, ndipo unainuka. Asipokujibu, unabaki chini. Kumwacha mtu chini bila jibu, hata mlevi hafanyi.

Profesa Polikarp hakujua. Alidhani bibi wa watu amekuja kuomba msaada. Akainuka haraka na kumshika bega. "Mama, simama, shida yako tutaisikiliza, usipige magoti."

"Mwache, Profesa," akasema mama mmoja mpishi, Stefania, kutoka nyuma. "Hana shida. Anasalimia."

"Anamsalimia nani?"

Dada yangu alishatoka pale alipokuwa, na yeye akapiga magoti mbele ya mama, akaanza makofi yake, ya mtoto kwa mzazi. Sasa wote wawili wako chini, wanapigiana makofi, na hakuna mkubwa wa kujibu. Wanafunzi wa kwetu walikuwa wameinamisha vichwa. Wale wa kuja walikuwa wanaangaliana.

"Inuka, Evodia," mama akasema. Hakupaza sauti, ila ukumbi ulisikia. "Wewe nimekusalimia asubuhi, nyumbani. Hapa nimekuja kumsalimia mkuu wa taaluma. Yuko wapi?"

"Mama, magoti yako."

"Magoti ni yangu. Nimeuliza, yuko wapi?"

"Hayupo. Nakwenda kumwambia Profesa kwamba..."

"Unakwenda kumwambia mama yako ni mzigo."

"Sijasema hivyo, mama."

"Mbele ya watu wote hawa. Watasema alikuwa anafaa, ila kuna bibi mmoja Izia amemshika miguu. Mimi nilikubeba mgongoni kwenda kukuandikisha shule, leo niwe mimi wa kukushika miguu?" Akapumua. Nilimwona anaumia. "Mdogo wako amesema atakaa. Wewe humwamini, sawa. Mimi namwamini. Anayekaa na mimi si ni mimi wa kumwamini?"

Nilitaka kutoka nje. Nilitazama dari.

Dada alibaki chini muda, machozi yanamdondokea kwenye gauni. Mama hakuacha makofi yake. Mwishowe dada akainuka. Akanyooka, mama yake akiwa chini miguuni kwake, na sidhani kama amewahi kufanya jambo gumu kuliko lile. Akakunja viganja akajibu, taratibu, kama mkubwa anavyojibu. Akamaliza. Ndipo akainama, akampitisha mama mikono kwapani, akamwinua.

"Profesa," akasema, bado amemkumbatia, "nimekubali."

Profesa Polikarp alivua miwani na kuifuta. Stefania akapiga vigelegele, ukumbi ukafuata.

Baadaye dada alitusindikiza mpaka kwenye bajaji. Mama alishakaa ndani, anasugua goti na kulalamika kwamba chuo kizima hakina hata kochi.

"Ulimleta makusudi," dada akaniambia.

"Alinituma. Wewe ungemkatalia?"

"Usiku huu ataumwa."

"Nitamkanda."

"Na kesho?"

"Na kesho."

"Stanley je?"

"Nilimpigia jana. Amenitukana, ameniita mtoto wa mama."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo."

Akacheka, akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Kisha akawa serious tena, ualimu haumtoki. "Ukichoka uniambie, Romani. Usiondoke kimya kimya."

"Nikichoka nitakuja hapa nisimame mlangoni kwako nikupigie kelele, wanafunzi wako wote wasikie."

"Njoo. Tafadhali njoo."

Akaingiza kichwa ndani, akamfunika mama magoti na kitenge, akakichomeka pembeni upepo usikifunue. Mama akamsukuma kidogo. "Nenda, una watu."

Mlangoni mwa ukumbi mwalimu mmoja aliita. "Mkuu, tunakusubiri."

Dada hakuitika. Alisimama tu, kama naye anasubiri huyo mkuu aitike. Halafu akageuka, akaenda.