Gari Lililomtii Mmoja

Fundi alipogusa waya wa taa, vifuta kioo vikaanza kucheza.

"Sasa hicho ni nini tena?" akauliza mama mwenye gari, ameketi kwenye benchi la gereji pamoja na mumewe.

"Hata mimi linanichanganya, mama."

Mafundi wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa hakujua kulipua kazi. Siku ya pili hiyo alikuwa akilihangaikia gari lile kuukuu. Alikuwa amechomoa kila soketi, akakwangua kutu ya kijani kwa msasa, akabadilisha nyaya zilizokauka na kupasuka. Sasa alitenganisha nyaya mbili zilizogusana, na vifuta kioo vikatulia. Taa zikakubali. Stata ya kuwashia injini ndiyo iliyokataa katakata.

"Lina kisirani hilo," mama akasema. "Kwa huyu bwana lilikuwa likiwaka mara moja. Mimi nikitaka kwenda kwa dada yangu, kimya! Nilikuwa namwambia, hili si gari, ni mke mwenzangu." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Dada amekufa mimi niko kituoni, nasubiri basi."

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mumewe ulimi na mkono wa kulia. Sasa mama ndiye angemwendesha kwenda kliniki.

Taratibu akarudi kwenye waya mwekundu uliomsumbua. Ulitoka kwenye swichi ya ufunguo, ukazama chini ya zulia, mahali ambapo haukuwa na shughuli. Akaufuata kwa vidole mpaka chini ya kiti cha dereva. Palikuwa na kitufe kidogo, kimefungwa kwa ustadi, kimelainika kwa kubonyezwa. Akakibonyeza, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

"Umeliweza!" mama akapiga makofi. "Lilikuwa na nini?"

Kabla fundi hajajibu, yule mzee, mumewe, alikwishajikongoja hadi mlangoni mwa gari. Akamshika fundi mkono wa shati kwa mkono wake mzima. Kichwa kilitikisika, lakini kichwa kile kilitikisika muda wote tangu augue. Alikuwa akikataa, au akiomba? Taratibu hakuelewa. Wengi huweka kitufe kama kile ili mwizi asiweze kuwasha gari. Lakini mke huambiwa. Angeweza kuziunga nyaya moja kwa moja, aseme ilikuwa kutu, yaishe.

"Njoo uone, mama."

Mama akainama, akatazama. Akabonyeza, injini ikazima. Akabonyeza tena, akazungusha ufunguo, ikawaka. Alirudia hivyo mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza neno ambalo halijamwingia.

"Ni cha kuzuia wezi?" akamuuliza mumewe.

Mzee akafungua mdomo. Ikatoka sauti isiyo neno.

"Au ulikuwa ukiniogopea barabarani? Baba, nitikisie tu. Hapana, usitikise. Utanichanganya."

Akachomoa ufunguo, akabaki ameushika. Mwishowe akamwingiza mumewe upande wa abiria, akamfunga mkanda, akamfuta mate kwa kitambaa. Mkono uleule uliomfuta ukabaki shavuni mwake, umekunjwa ngumi, kisha ukafunguka.

Taratibu akalitazama gari likienda taratibu hadi langoni. Kiashiria cha kushoto kikawaka, kikazimika. Kikawaka cha kulia. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, na gari lilikuwa bado limesimama, likinguruma.