Jirani wa Ukuta

Mimi wananiita Spika, na si kwa heshima. Kazi yangu ni kusuka nywele. Mikono ikiwa kazini, mdomo nao haukai bure. Mteja akiondoka kwangu, kichwa kimesukwa na masikio yamejaa.

Nyumba tunayopanga ni safu ya vyumba vinavyotazama ua mmoja wenye bomba moja na kamba moja ya nguo. Kuta za kugawa vyumba zinaishia kimo cha mlango. Juu ni bati tupu, dari hakuna. Kwa hiyo kuna jirani wa uani, huyo unamwona, na kuna jirani wa ukuta, huyo unamsikia. Sheria yetu ni moja: ya ukutani hayafiki uani. Watu wakigombana usiku, asubuhi tunapanga ndoo bombani na hakuna aliyesikia kitu. Kikohozi tu ndicho kinachopewa pole.

Jirani yangu wa ukuta ni Fundi Saa, mgane, mzee mpole anayetengeneza saa na redio kwenye meza ndogo mlangoni pake. Tangu afiwe na mkewe, kila alfajiri namsikia akiuliza, "Umeamkaje, mama?" Halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Nimeamka salama. Wewe je?" "Mgongo tu." "Pole, baba, utapoa." Basi, anaamka anawasha jiko. Sikuwahi kumwambia mtu. Hata mimi mwenyewe nilijishangaa.

Ndipo akaja dada wa redio na kinasa sauti chake. Ana kipindi cha watu kueleza maisha ya mtaani kwao, akauliza nani ataongea. Wapangaji wote wakaninyooshea kidole mimi, bila hata kushauriana.

Nikaongea. Nikamweleza foleni ya bomba, na umeme ukirudi mtaa mzima unavyoshangilia kama tumefunga bao. Nikamweleza mbuzi wa muuza mkaa aliyetafuna shuka la watu kambani, mwenyewe akamtetea eti mbuzi alidhani ni jani. Dada yule anaitikia "mh, mh," macho kwenye simu. Jamani, mimi msikilizaji akinitoka mkononi, akili yote inanihama.

"Ngoja nikupe hii," nikamwambia. "Mimi nina jirani yangu wa ukuta..."

Jina sikutaja! Nilijiona mjanja kweli. Nikaeleza salamu zile zote, na kwenye majibu sikumuiga mzee, nilimuiga marehemu mwenyewe. Alikuwa mteja wangu, sauti yake naijua, ile ya puani kidogo, na kicheko kifupi alichokuwa anakimeza kabla hakijatoka. Dada wa redio akaweka simu chini. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Rudia, rudia hapo," akasema, nami nikarudia, mbwa mimi.

Kipindi kilikuwa Jumamosi mchana. Nilitangaza ua mzima, na Fundi Saa nikamgongea mlango mwenyewe: "Mzee, leo nasikika!" Akafurahi. Redio yangu ilikuwa inakwaruza, akaifungua, akaisafisha, akairudisha inaongea vizuri. Kisha akatoa kiti chake akakaa karibu na dirisha langu, kichwa amekiinamisha, tayari kunisikiliza.

Kipindi kilipoanza, kumbe habari ya bomba watu wa redio waliikata. Umeme walikata, mbuzi walimkata. Walichobakisha ni kile kimoja tu.

Watu wakaangua kicheko uani. Muuza mkaa akapiga magoti kwa kucheka, akasema, "Sasa Spika, jirani gani huyo? Wewe si chumba chako ni cha mwisho, una ukuta mmoja tu..."

Macho yake yakaenda kwenye kiti cha Fundi Saa. Loo! Wenzangu wengi wana majirani wa ukuta wawili. Mimi upande wangu wa pili ni njia ya chooni. Nilikuwa nimemtaja mzee wa watu kuliko hata ningemtaja jina.

Redio ikaendelea na sauti yangu, "Nimeamka salama. Wewe je?" Fundi Saa akainuka, akakunja kiti, akaingia ndani. Mlango hakuubamiza, aliurudisha polepole. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyeniangalia, na mimi sikujua pa kuweka uso.

Alfajiri yake nililala macho wazi nikisubiri. Nikasikia kitanda chake kinalia, nikasikia akivuta pumzi. "Umeamkaje, ma..." Kimya. Hata jiko hakuwasha.

Kulipokucha nikapiga hodi. Akafungua, akasema, "Karibu, mwanangu," kama siku zote, na hiyo ndiyo iliyonivunja.

"Mzee, nisamehe. Mdomo wangu huu..."

"Hukusema uongo," akasema. "Mimi ndiye sikujua kwamba nasikika." Akaangalia mikono yake. "Na umemuiga vizuri. Mimi nilikuwa simpati hivyo. Sasa leo nimemsalimia, nikataka kumjibia, naona inakuja sauti yako."

Nikaaga kwa kichwa tu. Mimi, Spika. Nikarudi chumbani nikalia nimeziba mdomo kwa kanga, maana hata kulia kwangu angekusikia.

Tangu siku hiyo wateja wananiuliza kama naumwa, naitikia kwa kichwa. Na kila alfajiri, kabla hajaamka, nachukua ndoo natoka taratibu, naenda kukaa bombani gizani. Nimewaza hivi: chumba changu kikiwa kitupu, mzee atakuwa na ukuta wake peke yake. Labda ataongea. Siwezi kujua, na kuuliza ndiyo siwezi kabisa.

Leo mlango wake umefunguka nikiwa pale. Amekuja mpaka bombani, akaichungulia ndoo yangu, kavu.

"Spika, maji hayatoki saa hizi."

"Najua, mzee."

Akageuka akautazama mlango wa chumba changu. Nikajua ameelewa kwa nini nipo pale.

"Baridi hii itakuumiza," akasema. "Rudi ndani ulale, mwanangu. Hakuna tena cha kusikia."