Majibu Chini ya Kiganja

Kiganja cha Gentil kilikuwa juu ya majibu. Kilikuwa kiganja kipana, chenye doa la wino kwenye kidole gumba, na kilizikandamiza zile karatasi ingawa jioni ile hapakuwa na upepo wowote ziwani. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la saruji ufukweni Gisenyi, ofisi zimeshafungwa, na mimi nilikuwa nimemaliza maswali ishirini ya zoezi la kumi na nne nikiwa na hakika nimeyapata karibu yote.

"Namba tatu?" aliuliza.

"B."

Akainua kiganja kidogo, akachungulia, akakirudisha. "Apana, dada. Ni E."

Niliitazama sentensi yangu upya. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini tulizoea kuzitafsiri kwanza, ndiyo maana mpaka leo nazikumbuka kwa Kiswahili: Ingawa majirani walimsifu kwa ukarimu, wanawe walijua kuwa mjane yule ni ______ kupindukia. Palipo na "ingawa", maana inageuka. Bahili, basi, na bahili ilikuwa B. E lilikuwa neno lenye maana ya mtu mwenye usingizi.

"Mjane mwenye usingizi?" nikasema. "Hiyo inaingiaje hapo?"

"Mi sijue. Ni livre njo inasema. Nitabishana na kitabu?" Akacheka, akaweka alama ya kosa kwenye daftari lake. Machale yakanicheza palepale.

Nieleze tulifikaje kwenye benchi lile. Mwaka huo, miaka kumi iliyopita, tulifanya kazi katika shirika dogo la lishe. Gentil alikuwa akienda Nyakiriba kwa pikipiki kupima watoto uzito na kuwafundisha akina mama kupika uji wa soya. Mimi, Drocella Murekatete, nilitunza mafaili ya wafanyakazi. Kwa miaka saba nilikuwa nikiandika barua za kupandishwa vyeo, zote za watu wengine. Kisha mkurugenzi wetu, Ndahiro, akatangaza kwamba shirika litamruhusu mtu mmoja, mmoja tu, kwenda kusoma shahada ya uzamili ng'ambo kwa miaka miwili huku kazi yake ikimngoja. Vyuo vya huko vilidai mtihani wa Kiingereza na hesabu, na atakayepata alama za juu ndiye angekwenda. Waliojitokeza tulikuwa wawili.

Unaweza kuuliza kwa nini washindani wawili wasome pamoja. Kitabu kilikuwa kimoja, basi. Gentil alizaliwa Goma na ndugu zake wengi wako huko bado, na binamu yake mmoja alikuwa nacho. Akavuka mpaka Jumamosi asubuhi, akarudi saa sita na bunda la fotokopi ndani ya mfuko wa unga. Mashine ya huko ilikuwa imekata ukingo wa juu wa kila ukurasa, mahali palipochapwa namba za mazoezi, kwa hiyo alikaa akaziandika zote upya kwa kalamu. Angeweza kukificha nyumbani kwake akasoma peke yake. Hakukificha. Jambo hilo nilipaswa kulikumbuka baadaye, na sikulikumbuka.

Tuliligawa bunda. Mimi nikachukua maswali, yeye akachukua majibu ya mwisho wa kitabu, kwa sharti kwamba mwenye maswali asiyaone majibu na mwenye majibu asiyasome kabla ya kufanya zoezi. Ukurasa wa kwanza ulitufundisha mbinu moja ambayo niliipenda kuliko zote: funika yale maneno matano ya kuchagua, soma sentensi, tafuta ishara kama "ingawa" na "kwa hiyo" na "badala ya", kisha jaza pengo kwa neno lako mwenyewe. Ukishapata neno lako, ndipo ufunue. Mimi nilikuwa hodari wa kujaza. Kufunua ndiko kulikonishinda.

Kwa wiki tatu za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nilizoea sauti yake na kile Kiswahili chake cha Goma, naye alinitania kwa changu nilichokuja nacho kutoka Tanzania walikokimbilia wazazi wangu. "Kiswahili yako ni ya ku radio," alisema. "Mutu anaweza fikiri unasoma habari." Siku za Jumamosi tulikwenda kwenye mkahawa mmoja wa Rubona, tukala sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga huku tukiulizana maneno. Nilikuwa nikipata kumi na saba, kumi na nane kwa ishirini. Yeye alikuwa akipata kumi na moja, kumi na mbili, maana shule yake yote ilikuwa ya Kifaransa.

Halafu likaja zoezi la kumi na nne, na la kumi na tano, na la kumi na sita. Nikaporomoka mpaka nne kwa ishirini. Nyumbani nilifungua kamusi, nikayahakiki maneno moja moja, na kila mara kamusi ilikuwa upande wangu. Sasa, mtu anayekusomea majibu ya uongo mnapogombea nafasi moja anataka nini? Pengo hilo halikuhitaji kamusi.

Ningeweza kusema, "Gentil, nionyeshe hiyo karatasi." Maneno manne tu. Lakini kwetu mtu hamwambii mwenzake usoni kwamba anamshuku. Unatabasamu, unasema asante, unauliza hali ya mama yake, na shaka unaimeza ikakae tumboni. Nilimeza wiki mbili nzima. Yeye aliendelea kuweka kiganja juu ya karatasi, kwa sababu sharti lilikuwa hilo, na mimi niliendelea kukitazama kile kiganja. Naye alianza kupata tatu, nne kwa ishirini. Nikajiambia anajifanya ili nisimshtukie. Tena alikuwa akijifanya vizuri, mpaka paji la uso lilimtoka jasho.

Jumamosi moja nilifika Rubona mapema nikamkuta mezani na Ndahiro. Waliponiona wakanyamaza. Mkurugenzi akainuka, akanisalimia kwa mikono miwili, akaondoka bila kumaliza chai yake. "Ilikuwa mambo ya kazi tu," Gentil akasema, kabla sijauliza. Kabla sijauliza! Mpaka leo sijui walikuwa wakizungumza nini. Siku ile nilijua kabisa.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mtihani, alikuja ofisini kwangu kuomba nimchapie karatasi ya kujiandikisha aliyokuwa ameijaza mtandaoni. Mashine ya kuchapa ilikuwa kwangu. Karatasi ikatoka ikiwa bado na joto, nami nikaisoma kwa mazoea ya kazi, kuanzia juu. Jina la mtahiniwa: Bizumuremyi Gentil.

Nilisoma mara mbili. Faili lake lilikuwa kwenye kabati nyuma yangu, na nililijua bila kulifungua. Diploma yake ya Goma ilisema Bizumuremyi Gentil, kwa sababu bibi yake alimwita Gentil tangu akiwa mchanga, akawa Gentil shuleni na mitaani. Lakini waliporudi Rwanda baba yake alimwandikisha kwa jina la ubatizo. Kitambulisho na pasipoti vilisema Bizumuremyi Vénuste. Ni jambo la kawaida hapa kwetu. Nusu ya wafanyakazi wetu walikuwa na jina la karatasini na jina la watu. Na kwenye barua pepe ya waandaaji wa mtihani, ambayo sisi wote tulitumiwa, ilikuwamo sentensi moja isiyo na pengo: asiye na jina linalolingana na pasipoti hataingia. Kusahihisha kuliruhusiwa mpaka siku saba kabla ya mtihani.

Siku kumi na mbili kutoa saba. Hesabu hiyo niliifanya akiwa amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi la Nyakiriba kwenye viatu.

"Iko sawa?" akauliza.

Nilimtazama usoni, nikaona kile kiganja.

"Iko sawa," nikasema.

Sitajitetea. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu, nikimpa muda wa kukiri kwanza. Jumatatu akanisomea majibu ya zoezi la kumi na tisa, nikapata matatu, nikaaga nikaenda zangu. Ikafika siku ya saba kabla ya mtihani. Kufika jioni nafasi ya kusahihisha ilikuwa imeshapita.

Tulikwenda Kigali kwa basi moja, viti vya jirani. Alinunua mahindi ya kuchoma njiani, akanipa yaliyoiva vizuri. Kwenye chumba cha kungojea tulikuwa watu kumi na watano, na kando yangu alikaa msichana mmoja, Tuyishime, mwenye kitabu kilekile, cha asili, chenye jalada la rangi na kingo zake zote. Gentil alikuwa kwenye foleni ya dirisha la kuhakiki majina, watu watatu mbele yake. Mimi nilikuwa nimeshapita.

"Naomba nione majibu," nikamwambia msichana.

Nikafungua mkoba, nikatoa zoezi langu la kumi na nne ambalo pembeni nilikuwa nimeandika majibu aliyonisomea Gentil. Kwenye kitabu, zoezi la kumi na nne lilisema namba tatu ni B. Bahili. Nilikuwa nimepata. Roho ikanidunda kwa furaha ya chuki: nimemkamata! Kisha jicho langu likahamia ukurasa wa pili, majibu ya zoezi la kumi na tano. E, kwenye namba tatu. Nikashuka na orodha. Yote ishirini, moja baada ya moja, yalikuwa yaleyale aliyonisomea kwenye benchi.

Karatasi moja, ya majibu ya zoezi la kumi na nne, ilikuwa imebaki kwenye ile mashine ya Goma. Moja tu. Namba zilikuwa zimekatwa, naye alizihesabu mwenyewe kwa kalamu, akapita juu ya karatasi isiyokuwapo bila kujua. Kuanzia hapo kila zoezi lilisomewa majibu ya jirani yake. Alikuwa akinisomea kile alichokiona. Na yeye mwenyewe, maskini, alikuwa akijikosoa kwa karatasi hizohizo, akiamini Kiingereza kimemshinda.

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini, maana pale dirishani hapakuwa tena na la kufanya. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa ameweka pasipoti na karatasi sambamba, akitikisa kichwa. Gentil aliongea kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa, akarudi kwenye Kinyarwanda. Alitoa simu akataka kumpigia mtu. Mwisho akachukua vitu vyake, akaja nilipo.

"Banasema jina haiko ile ya mu passeport," akasema. Alikuwa akijaribu kutabasamu. "Ni kosa yangu. Nilijaza nikiangalia diploma."

"Gentil..."

"Ingia, dada. Beko banakuita. Usichelewe sababu yangu."

Niliingia. Sentensi ya kwanza kwenye kompyuta ilianza na "ingawa". Niliinua mkono nifunike maneno ya chini, kama tulivyozoea, na msimamizi akaniambia nisiguse kioo.

Tuliporudi jioni ile alikaa dirishani. Tulipita Musanze. Karibu na kushuka kuelekea ziwani, akauliza, bila kunigeukia:

"We njo unatunza mafaili yetu yote, eeh?"

"Ndiyo," nikasema.

"Bon."

Hakuuliza tena. Wala mimi sikusema, na hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote, maana kwenye basi lile mtihani ulikuwa umekwisha na hapakuwa tena na nafasi ya kugombea. Nilipata alama nzuri. Siku niliyoondoka alinisindikiza kituoni, akanibebea sanduku. Mwaka uliofuata Ndahiro aliondoka, na mkurugenzi mpya akafuta ile ruhusa ya masomo. Gentil hakujaribu tena.

Sasa shirika linaongozwa na mimi. Nina ofisi ya ghorofani na kiti cha wageni. Yeye bado anakwenda Nyakiriba kwa pikipiki, na tukikutana kwenye ngazi ananisalimia vizuri sana.

Wiki iliyopita alibisha mlango. Alikuwa na binti yake, Ineza, ambaye siku zile alikuwa na miaka tisa na sasa amenipita kimo. Anaomba chuo ng'ambo, anatakiwa kufanya mtihani, na alikuwa na karatasi ya kujiandikisha mkononi.

"Ineza njo amesema tukuje kwako," Gentil akasema. "Watu bote banasema we unajua haya mambo ya majina."

Msichana akaweka karatasi na pasipoti mezani. Nikavaa miwani. Nililisoma jina lake kwenye karatasi, nikalisoma kwenye pasipoti, nikarudia, nikarudia tena. Tarehe, namba, kila kitu. Niliona maneno niliyopaswa kumwambia baba yake yamejipanga yote, hata la kwanza nililijua. Gentil alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa," nikasema. Na safari hii ilikuwa kweli.

"Asante sana, dada."

Wakatoka, mlango ukabaki wazi kidogo. Nilimwona akikaa kwenye benchi la ukumbini, akaweka karatasi kwenye goti moja na pasipoti kwenye goti la pili, akaanza kufuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Papa," Ineza akasema, "si ameshaangalia?"

"Ameangalia," akajibu baba yake, na kidole kikarudi mwanzo wa mstari.